Saa Mbili za Jaji Keskitalo

Mahakama ilifunguliwa saa mbili,
na Jaji Arvid Keskitalo alikuwa na saa mbili:
moja mkononi, zawadi ya mawakili wa wilaya,
nyingine mfukoni, ya jeshi la majini,
kioo chake kimeshika ukungu tangu Korea.
Hazikuwahi kukubaliana.
“Nikibanwa,” aliniambia, “naamini ya mfukoni.
Hii nyingine haijalowa bado.”

Nilikuwa karani wake miaka ishirini na mmoja.
Nakijua kikohozi chake kabla ya kumfunga mtu,
kimoja, kikavu, kama anayebisha hodi
kwenye nyumba anayoomba isiwe na mtu.

Duluth haina bahari. Ina ziwa
ambalo hakuna aliyeliambia kwamba si bahari:
Novemba humeza meli za madini, nahodha na mpishi,
Januari hufumba kinywa kwa barafu ya kubeba lori.
Hapo, wikiendi moja kila mwezi,
jaji alitundika joho, akavaa buluu,
akashuka gatini kwenye ghala la kikosi cha akiba
kuwafunza mafundo walimu wa hesabu, wauza matrekta,
fundi bomba mmoja mwenye kizunguzungu,
mabaharia wa siku mbili kwa mwezi.
Mkewe Lempi alicheka: “Waume wa wenzangu wana hawara.
Wangu ana meli, tena haielei.”

Machi, mwaka wa sabini na tano, faili la kumi na saba:
Orrin Blevik. Ulevi. Lori la makaa
ndani ya ukuta wa kanisa la Kilutheri.
Hakufa mtu. Ulikufa msonobari mmoja
na kinanda.
Akasimama kizimbani, akavua kofia, akasema,
“Habari za asubuhi, Luteni.”

Nikainua vidole kwenye mashine.
“Andika,” jaji aliniambia. “Kila neno, kama lilivyosemwa.”
Kisha akayasema mwenyewe, polepole, ukumbi ukisikia:
kwamba mwaka wa hamsini, kwenye meli ya kutegua mabomu,
kijana wa miaka kumi na tisa alipiga kelele kutoka omoni
kuna kitu cheusi majini;
kwamba luteni wa zamu alimwambia anyamaze, ni sili tu;
kwamba kijana hakunyamaza.
“Watu thelathini na mmoja walirudi makwao
kwa utovu wa nidhamu wa Bwana Blevik.”

Dawa ya deni ni kulipa.
Lakini joho halina mfuko.
Akajitoa. Faili likaenda kwa Jaji Amundrud,
mtu mnyoofu, asiyewahi kupanda hata mtumbwi,
naye akatoa miezi kumi na minne.
Yeye angetoa mitatu. Nilikuwa nimeiona
kwa penseli, pembeni mwa jalada,
imeandikwa usiku, ikafutwa usiku uleule
hadi karatasi ikachubuka.

Miezi kumi na minne hiyo, Jumapili za zamu,
mafundo yalifundishwa na mtu mwingine.
Kitabu cha wageni cha gereza nimekisoma mwenyewe:
A. Keskitalo, A. Keskitalo,
na palipoulizwa uhusiano na mfungwa
aliacha wazi kila mara,
ila mara moja tu, Desemba, wino umevuja:
mdeni.

Tulimzika Oktoba. Mabaharia sita wa siku mbili
waliikunja bendera vibaya, wakaikunjua, wakarudia,
na Lempi akawasubiri kama anayesubiri watoto wafunge viatu.
Nyuma kabisa, kando ya magari, Blevik
alipiga saluti kwa mkono wa kushoto.
Wa kulia ulikuwa umeshika kofia.

Watu waliniuliza kama alikuwa amekunywa.
Upepo ulikuwa unatoka upande wangu.
Siandiki nisichokijua.