Milioni Moja na Tatu

Stima ilikatika saa nane usiku, Barabara ya Enterprise,
na kihesabu cha mashine ya vizibo kikaganda:
1,000,003.

Bosibori akachana boksi, akatoa penseli sikioni.
Mbili haiingii. Tatu, inabaki moja.
Saba, inabaki nne. Kumi na moja, nne.
Kumi na tatu, nne tena.
"Hii namba," akasema, "imeamua."

Sisi tulilala juu ya magunia.
Yeye, kwa tochi ya simu, alizipanda tasa zote
mia moja sitini na nane zilizo chini ya elfu,
akikosea, akifuta kwa mate,
mpaka mia tisa tisini na saba:
inabaki kumi na mbili.

Haigawanyiki. Tasa.
Neno lilelile alilotupiwa Keroka na mama mkwe,
mbele ya wageni, chai bado ya moto.
Sasa alilitamka mwenyewe, polepole,
kama mtu anayejaribu kiatu.

Alfajiri mashine ikakohoa. Nne. Tano. Sita.

Langoni mlinzi akampekua, akakuta kizibo kimoja mfukoni.
"Cha nini?"
"Hiki hakina mgawo."
Akamrudishia.