Namba ya Nyumba: Nukta

Oda ya saa nne usiku:
mbuzi ya kukunia nazi, moja,
meno ya chuma cha pua, kiti cha mvule.
Pesa imeingia, riali sita na baisa mia tano.
Jina: Bi Shinuna.
Mji: Sinaw.
Mtaa: patupu.
Namba ya nyumba: nukta.
Ameweka nukta ili fomu imruhusu apite.

Duka langu ni chumba cha nyuma, Mabela,
maboksi mpaka dirishani, gundi ya kahawia mpaka kwenye nywele,
na nyoka huyu alishaniuma,
sasa hata ung'ongo nauogopa.
Mwezi wa Shaabani nilipeleka vinu viwili Barka,
"nyumba nyeupe, nyuma ya msikiti."
Nani Oman ana nyumba isiyo nyeupe?
Msikiti gani hauna nyuma?
Vinu vilizunguka siku kumi na tisa,
vikarudi kimoja kimepasuka mdomo,
na bili ya kwenda,
na bili ya kurudi.

Kwa hiyo sifungi mzigo. Naandika:
Samahani mama, naomba namba ya njia,
namba ya nyumba, na simu inayopokelewa.
Tiki mbili. Kimya.
Nikalala, nikaamka, kimya kiko palepale.

Adhuhuri ikaja sauti, dakika nne na sekunde kumi:
"Mwanangu, namba ya nini?
Ukilipita soko la mbuzi, wale wa miguu minne, si huyo wako,
kata kulia penye duka la majambia,
halafu ulizia. Mlango wa kijani.
Miaka arubaini na minane nipo hapa,
hajatokea mtu kuniuliza namba."
Akakohoa. Nikasikia feni.
"Namba ninayoijua mimi ni ya kwetu, Vikokotoni.
Elfu moja mia tatu na sita, ghorofa ya pili.
Ngazi ya tano imelegea, uikanyage pembeni.
Hiyo ukiitaka nitakupa mpaka sanduku la posta."

Nilisikiliza mara mbili.
Mara ya pili haikuwa kwa ajili ya anwani.

Fomu ya kampuni inameza herufi sitini tu.
Nikabandika karatasi nzima juu ya boksi:
soko, majambia, kulia, kijani,
na chini, kwa wino mwekundu, simu yangu mwenyewe.

Alhamisi, saa tisa, ikalia.
Rafiqul, dereva. Kiarabu chake na changu
vinaokotana njiani.
"Dada, milango ya kijani iko mitatu.
Mmoja una kufuli. Miwili haina kengele.
Simu ya mama imezimwa. Narudisha?"

Nikaviona vile vinu.
Nikaiona ngazi ya tano.

Usirudishe. Simama katikati ya hiyo milango,
useme: Hodi.
"Hudi?"
Hodi. Kwa sauti, kama mtu anayedai.
"Ndilo jina lake?"
Hapana. We sema.

Nikamsikia, mtu wa Chittagong,
jua la Sharqiyah utosini, boksi begani:
Hodi!
Kiyoyozi cha mtu kinanguruma.
Hodi!
Mbuzi, wa kweli, akajibu kutoka kwa jirani.
Ho-di!
Na kutoka ndani kabisa, nyuma ya kuta mbili,
kandambili zikiburuzwa:
"Karibu! Karibu, nakuja, ngoja nijitande!"

Rafiqul akacheka peke yake.
Kisha akauliza nani atalipa nusu riali ya kusubiri.
Nikalipa mimi.

Usiku nikafungua ukurasa wa oda.
Imepokelewa.
Maoni ya mteja:
nukta.