Redio ya Bi Mgeni

Kaniletea imefungwa kanga,
kailaza juu ya meza yangu pale Michenzani
kama mtoto mwenye homa.
"Itazame, Fundi Mbarouk. Ganuni haipigi tena.
Fidla nayo, siku nyingi."

Nikafungua. Vumbi, na mende mmoja mkavu.
Spika nzima, nyaya nzima.
Nikaizungusha sindano toka mwanzo hadi mwisho:
steshini ya kwanza, nyimbo ya Dar;
ya pili, nyimbo ile ile, imechelewa kidogo;
ya tatu, kijana anacheka peke yake, anagawa vocha.

Nimwambieje?
Miye mwenyewe nilikuwa nikinunua kadi za salamu,
nikimtumia mtu wa nyumba ya pili
ambaye ningeweza kumwita dirishani.

"Ngoja saa saba," kasema, kavuta kigoda.

Saa saba, matangazo ya vifo.
Hapo tu sauti ikashuka, ikawa ya kwetu:
Kwahani, Mwembeladu, Kwaalinatu,
wajukuu wa marehemu, wakwe, baba wadogo walioko Maskati,
na mara, kati yao, Shaame Ngwali,
aliyekuwa mpiga fidla,
maziko Mwanakwerekwe, alasiri.

Miaka mingapi jina lile halijapita hewani?
Likapita mara moja, likafuatiwa na tangazo la sabuni.

Bi Mgeni kainuka.
"Kumbe nzima," kasema.
"Wala hukukosea kitu, fundi."

Ile kanga kaikung'uta, kajitanda.
Redio kaniachia.