Akiba ya Ini

Saa moja asubuhi, na Oulu bado ni usiku.
Tuulikki yuko uani na koleo la theluji,
hajatia kitu kinywani.
Mimi dirishani, uji wa shayiri ukichemka nyuma yangu,
namhesabia makoleo.

Sukari ikishuka katika mwili kama wangu,
kongosho hufunga kwanza bomba la insulini,
kisha humtuma tarishi kwa ini: fungua ghala.
Na ini, lisilo na maneno mengi, hufungua.
Akiba haiozi. Viazi vya jana jioni
vimelala humo, vimefungwa mafungu mafungu,
vikingoja asubuhi kama hii.

La kwake liliacha kazi akiwa na miaka kumi na mmoja.
Insulini yake hutoka sindanoni,
na sindano haijui kunyamaza.
Tarishi naye akasahau njia.
Misuli ile inayoinua koleo ina sukari yake,
lakini haikopeshi hata chembe:
mwenye shibe hamjui mwenye njaa,
hata wakiishi ngozi moja.

Ikabaki adrenalini, mlinzi wa zamu ya mwisho.
Enzi zile alikuwa mkali!
Moyo uligonga milango, jasho lilimtoka kwenye baridi,
Tuulikki akanigombeza kwa ajili ya kijiko,
nami nikajua: ni njaa ya ubongo
inayosema kwa kinywa cha kuazima.
Nilizichukia kelele zile. Leo ningezinunua.
Kengele ikilia kila wiki, wenye nyumba huacha kuamka.

Koleo la thelathini na nne analimwaga kando.
La thelathini na tano analimwaga njiani,
pale pale alipokwisha kusafisha.
La thelathini na sita, njiani.

Natoka na soksi.

"Kunywa." Ananitazama kama karani wa benki.
"Nimeshalipa," anasema.
Maji ya beri yanamchuruzika kidevuni, mekundu,
nusu yanaingia. Namshikia kikombe, namshika shingo,
nahesabu tena, safari hii dakika.

Ya kumi na mbili, meno yanagongana.
Baridi imemrudia kwanza, kisha jina langu,
kisha hasira, hii sasa ya kwake mwenyewe:
"Nani amerudisha theluji njiani?"

"Upepo," nasema.
Miguu yangu haina habari nami.

Uji umeungua. Tunaukwangua, tunaula.