Heroe wa Dorthea

Arubaini na mmoja; nimewahesabu mara mbili,
theluji ya Duluth imewafika magotini.
Magoti ya waya.
Dorthea Halvorsen huwaokota minadani, kwenye gereji za marehemu:
dola mbili, dola tano, mwenye ufa shingoni bure.
Huwasugua kwa siki na mswaki mkuukuu.
Rangi yao ya waridi imechujuka upande wa kusini tu,
kama shati lililosahauliwa kambani.

Manispaa imemwandikia: ondoa takataka.
Barua ameibandika kifuani mwa yule mkubwa.

Jana alimpindua mmoja, akanionyesha tumboni
maandishi ya kalamu: "Wa Mama. Usiuze."
"Simjui huyo mama," akasema,
akampachika upya,
macho yaelekee dirisha la jikoni.