Daftari la Mashaka

Jumatatu. Uji. Rangi ya haradali, una ute.
Jumanne. Uji tena, na uzi wa damu
mwembamba kama wa kudarizi kofia.
Jumatano hakula. Alikaa chini ya karo la kufulia
akimfokea mpita njia, akiifokea baiskeli,
akiufokea ufagio wangu uliosimama ukutani bila kosa.

Nilimkuta Muyeye, nyuma ya nyumba ya mgeni
aliyerudi kwao akaacha makochi na mbwa.
Makochi yalichukuliwa siku hiyohiyo.

Mtaa wote ulikuwa na jina la ugonjwa.
Minyoo, akasema muuza mkaa.
Katupiwa kitu, akasema shemeji yangu Ngowa,
na aliposogea kutuonyesha ni wapi
Mashaka akamchana suruali.
Basi ni roho mbaya tu, wakasema. Mtilieni sumu.

Daktari Lali wa ofisi ya mifugo, Malindi, hakumgusa.
Aliketi mavumbini, akampa mgongo,
akarusha vipande vya muhogo nyuma bila kugeuka
kama mtu alipaye deni kidogo kidogo.
Saa nzima. Kisha akaniambia:
"Tumbo la huyu silifikii kwa mkono.
Nifikishie wewe kwa kalamu."

Ndiyo maana naandika mavi, mimi Mbodze,
niliyeacha shule darasa la sita,
kwa hati nzuri kuliko barua zangu zote za mapenzi.

Choo cha kwanza nilikipeleka ndani ya kikopo cha mafuta ya mgando.
Mayai ya safura, akasema, jicho kwenye hadubini.
Tukampa dawa. Wiki moja ya amani, kisha uji.
Cha pili, safi. Cha tatu, safi.
"Safi si jibu," akasema. "Ni mlango mmoja tumeufunga."

Wiki nne tulimzoesha kifunga mdomo:
chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, nyama ndani,
pua ikiingia kwa hiari, ikitoka kwa hiari.
Siku mkono wa Lali ulipopita chini ya mbavu
nilimsikia Mashaka akilia
kabla hajanguruma.
Kilio kwanza.
Miaka miwili tulikuwa tukisikia neno la pili tu.

"Utumbo umevimba kama kamba iliyolowa," akasema,
"na hofu huukamua. Usiniulize kipi kilitangulia.
Nyama ya mbuzi na muhogo, wiki nane,
wala chembe ya kingine."

Siku ya kumi na tisa, uji.
Siku ya ishirini na sita, uji.
Nikalipekua daftari kwa taa ya simu: zote Jumamosi.
Na Ijumaa jioni jirani hukaanga kuku wa kuuza.

Ijumaa iliyofuata nikajibanza nyuma ya tangi la maji.
Kwenye tundu la ua wa makuti ukapenya mkono mdogo
na ngozi ya kuku, na sauti:
"Kula, babangu. Kula upone."
Maimuna, wa miaka saba,
binadamu pekee ambaye Mashaka
hajawahi kumwonyesha jino.
Alikuwa amelala chali, mkia ukifagia mchanga.
Nilikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi.
Mtoto utamwambiaje?

Sikumwambia. Nilimpa bakuli la nyama ya mbuzi
na kalamu nyekundu ya kuandikia siku nzuri.
Mamake alijua baadaye. Maji mara saba,
moja kwa udongo: hayo ni yao, sikuyaingilia.
Ila tundu la ua hakuliziba.

Kwenye cheti Lali ameandika *yamkini*.
Yamkini kuku, yamkini hofu, yamkini vyote.
Baiskeli bado anazifokea. Ngowa bado huzunguka njia ya mbali.
Lakini kila asubuhi, mbele ya wageni, mbele ya muuza maziwa,
sauti hupanda juu ya makuti:
"Mama Mbodze! Leo kigumu?"
Nami, sepetu mkononi,
nainama kutazama.