Namba Thelathini na Saba

Mwalimu Chiwanga kaileta toka Nkuhungu
imefungwa ndani ya khanga kama mtoto mwenye homa.
"Nikigusa S, inahifadhi. Nikigusa W, inafunga.
Na mtihani wa darasa la sita umo humo."

Nikafungua dirisha jeusi,
nikaita programu itajayo kila kitufe kwa namba.
Bonyeza: thelathini na saba, Kontroli ya kushoto.
Nikainua kidole.
Kimya.
Mashine iliuona mkono ukija,
haikuuona ukiondoka.

Kitufe hiki ni kama kiambishi:
peke yake si neno,
ila kikishamkalia jirani mbele
jirani hana tena maana yake.

Nikasoma mpangilio mstari kwa mstari,
nikaufuta, nikaurudisha, nikawasha upya
mara nne, mara tano,
Linux ya watu nikaitukana bure.
Saa saba usiku, upepo ukigombana na bati la Majengo,
ndipo nikakumbuka bisibisi.

Chini ya kitufe: punje moja,
na vumbi jekundu la kutosha kuipanda.

Asubuhi akaandika jina lake, polepole.
Herufi zikatulia.
"Ulikuwa ugonjwa gani?"
"Uwele," nikasema,
nikamwekea punje kiganjani.